Georgia O'Keeffe

Georgia Totto O'Keeffe (15 Novemba 1887 – 6 Machi 1986) alikuwa mchoraji wa Marekani, mmoja wa waanzilishi wa sanaa ya kisasa nchini humo. Anajulikana hasa kwa picha zake za maua makubwa, mifupa ya wanyama na mandhari ya jangwa la New Mexico. Anakumbukwa pia kwa nyumba yake ya udongo huko Abiquiú, aliyoifufua kutoka katika magofu na ambayo hadi leo huwavutia wapambaji wa nyumba.

Maisha ya awali

O'Keeffe alizaliwa karibu na mji wa Sun Prairie, jimbo la Wisconsin, akiwa mtoto wa pili kati ya saba. Wazazi wake walikuwa wakulima na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Alisomea sanaa Chicago (1905–1906) na New York (1907–1908), kisha akaacha kuchora kwa miaka kadhaa kwa sababu familia ilikuwa na shida ya fedha.

Alirudia sanaa mwaka 1912 baada ya kukutana na mafundisho ya Arthur Wesley Dow. Dow alifundisha kwamba kazi ya msanii si kuiga maumbile, bali kupanga mistari, rangi na nafasi kwa namna inayopendeza, na kwamba kanuni hiyo inafaa katika vitu vya kila siku pia. O'Keeffe aliifuata maisha yake yote.

New York

Mwaka 1916 mpiga picha Alfred Stieglitz alionyesha michoro yake ya makaa katika ukumbi wake mjini New York. Miaka 2 baadaye O'Keeffe aliacha kazi ya ualimu huko Texas akahamia jijini humo. Wawili hao walifunga ndoa mwaka 1924.

Stieglitz alimjengea jina, lakini jina hilo lilikuwa na gharama. Wahakiki wengi waliyaona maua yake kuwa mafumbo ya mwili wa mwanamke, tafsiri aliyoikataa daima. Alitamani mahali ambapo angefanya kazi bila kusimamiwa na mtu.

Jangwani

Mwaka 1929 alikwenda Taos, New Mexico. Kuanzia hapo alirudi jimboni humo mara kwa mara, mumewe akibaki mashariki. Kwa kuwa maua yalikuwa machache jangwani, aliokota mifupa na kuichora. Mwaka 1940 alinunua nyumba ndogo huko Ghost Ranch, lakini hapakuwa na maji ya kutosha kulima bustani, na chakula kibichi kilipatikana kwa shida.

Nyumba ya Abiquiú

Kilomita 20 hivi kutoka hapo, katika kijiji cha Abiquiú, palikuwa na nyumba kuukuu iliyobomoka, mali ya Kanisa Katoliki. O'Keeffe aliitamani kwa miaka 10 hivi kabla ya kuuziwa mwaka 1945. Ilikuwa na haki ya kutumia maji ya mfereji wa kijiji, na katika ukuta wa ua wake wa ndani palikuwa na mlango uliomvutia sana. Baadaye aliuchora zaidi ya mara 20.

Ukarabati ulisimamiwa na rafiki yake Maria Chabot hadi mwaka 1949. Kuta zilijengwa kwa matofali ya udongo yaliyokaushwa juani, na wanawake wa huko walizilainisha kwa mikono. Dari zilibaki na boriti za miti. Hata hivyo, O'Keeffe hakutaka kuiga nyumba ya zamani tu: aliweka vioo vikubwa, hivyo bonde la mto Chama likaonekana kutoka chumbani mwake na katika karakana yake.

Ndani aliacha vitu vichache. Meza nyingine zilikuwa za plaiwudi, vitambaa vilikuwa vyeupe, na mapambo yalikuwa mawe na mifupa aliyoikusanya matembezini. Kando ya vitu hivyo aliweka viti na taa za wabunifu wa wakati wake, wakiwemo Eero Saarinen na Isamu Noguchi. Nafasi tupu ilikuwa na uzito sawa na kitu kilichowekwa, kama ilivyo katika picha zake.

Stieglitz alifariki mwaka 1946. Baada ya kushughulikia mirathi yake kwa karibu miaka 3, O'Keeffe alihamia New Mexico moja kwa moja mwaka 1949.

Uzeeni na kifo

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ugonjwa wa macho ulimwondolea uwezo wa kuona katikati ya upeo. Picha yake ya mwisho ya rangi za mafuta aliyochora bila msaada ni ya mwaka 1972. Hakuacha sanaa: alichora kwa kusaidiwa, akafinyanga udongo. Mwaka 1977 alipewa Nishani ya Rais ya Uhuru.

Mwaka 1984 afya yake ilimlazimu kuiacha Abiquiú na kuhamia Santa Fe, alikofariki akiwa na umri wa miaka 98. Majivu yake yalitawanywa katika nchi aliyoipenda, kwenye mlima Pedernal aliouchora mara nyingi.

Urithi

Makumbusho yenye jina lake yalifunguliwa Santa Fe mwaka 1997, nayo sasa ndiyo yanayoitunza nyumba ya Abiquiú. Mwaka 1998 nyumba hiyo ilitangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Mwaka 2014 picha yake moja ya ua jeupe iliuzwa kwa dola milioni 44.4, bei iliyokuwa kubwa kuliko zote zilizowahi kulipwa mnadani kwa kazi ya msanii mwanamke hadi wakati huo.