Bwana Stanley: Wazazi Wake na Mahali Alipozaliwa

Mtu aendaye Kwihara, karibu na Tabora, huonyeshwa tembe lililojengwa upya mahali walipokaa Dr. Livingstone na Bwana Henry Morton Stanley katika mwaka wa 1872. Habari za Livingstone ni wazi: alizaliwa Blantyre, katika nchi ya Scotland, mwaka wa 1813, na wazazi wake ni Neil na Agnes. Lakini yule mwenziwe kijana, aliyefika Unyanyembe kwa mara ya kwanza mwezi wa Juni 1871, mwenye bendera ya Marekani mbele ya msafara wake, alikuwa mtoto wa nani, tena wa wapi? Wapagazi wake hawakujua. Dr. Livingstone naye alimhesabu kuwa Mmarekani, akaagana naye hapo Kwihara tarehe 14 Machi 1872 akidhani hivyo.

Stanley alikuwa mtu wa kuandika. Aliandika bei ya vitambaa na shanga, na hesabu ya mizigo, na vita vya Waarabu na Mirambo, ambavyo yeye mwenyewe aliviingia akashindwa pamoja nao. Nasi twashangaa kuona kwamba mtu aliyeandika mengi hivyo juu ya wengine, juu ya asili yake aliandika mambo yasiyopatana. Mara alisema ni mzaliwa wa Missouri, mara wa New York. Basi ni lazima tuache maneno yake kwa kitambo, tufungue vitabu vya watu wengine.

Kitabu cha kwanza ni cha ubatizo, cha kanisa la St Hilary katika mji mdogo wa Denbigh, nchi ya Wales, upande wa magharibi wa Uingereza. Mwezi wa Februari 1841 alibatizwa humo mtoto mwanamume, jina lake John, aliyezaliwa tarehe 28 Januari. Mama yake ameandikwa Elizabeth Parry wa Castle, maana nyumba yao ilikuwa karibu na ngome ya kale ya mji ule. Baba ameandikwa John Rowlands wa Llys, mkulima. Tena likaongezwa neno moja la kusema kwamba mtoto huyu ni wa haramu. Makatekista wetu wanaoshika kalamu siku ya ubatizo watafahamu uzito wa neno kama hilo. Huandikwa kwa dakika moja, nalo hukaa kitabuni baada ya mama na mtoto na mwandishi kufa wote.

Je, kitabu kile ni cha kuaminiwa? Kwa habari ya mama na ya mahali, ndiyo. Kiliandikwa katika majuma machache baada ya mtoto kuzaliwa, na mwandishi hakuwa na faida yo yote katika jambo lile. Lakini kwa habari ya baba, mwandishi hana ila lile aliloambiwa. Watu wa Denbigh walinong'ona kwamba baba wa kweli ni wakili mmoja wa mji ule, James Vaughan Horne, na kwamba Rowlands, aliyekuwa mlevi, alikubali tu kubeba lawama. Waandishi wa maisha ya Stanley wamelipima neno hili mara nyingi wasikate shauri. Sisi twaona jambo moja: kijana mwenyewe, alipokuwa hana pa kwenda, alimwendea mzee wa Llys, baba yake Rowlands, kama mjukuu amwendeavyo babu. Mzee alikuwa na mali, naye akamfukuza. Baadaye Stanley aliandika kwamba baba yake alikufa majuma machache baada ya yeye kuzaliwa. Sivyo. Rowlands aliishi mpaka mwaka wa 1854, si mbali na mtoto wake, wala hakumtafuta.

Mama naye alikwenda zake kutafuta kazi, akamwacha mtoto kwa babu mzaa mama, Moses Parry, mchinjaji wa ng'ombe. Mzee yule alimpenda, lakini alikufa ghafula mwaka wa 1846, na mtoto ni wa miaka mitano. Wajomba wakampeleka kwa jirani wakimlipia kila juma. Kisha wakachoka kulipa. Hapo twafikia kitabu cha pili, nacho ni kitabu cha nyumba ya maskini ya St Asaph. Tarehe 20 Februari 1847 mtoto John Rowlands aliingizwa humo. Kijana wa jirani alimshika mkono, akamwambia kwamba wanakwenda kwa ndugu ya mama yake. Akamwacha mlangoni, mlango ukafungwa.

Alikaa humo miaka tisa. Mwaka wa 1850 mama yake aliingia katika nyumba ile ile kwa shida zake, pamoja na watoto wake wengine wawili. Mtoto hakumtambua. Ilimpasa mkubwa wa nyumba amwonyeshe na kumwambia kwamba yule ndiye mamaye. Twajua watoto wengi waliotengwa na mama zao katika njia ya misafara, kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo, lakini hao hawakufungiwa katika nyumba moja na mama zao wasiwajue.

Juu ya kutoka kwake, Stanley alisimulia kwamba alimpiga mwalimu mkali, akaruka ukuta, akakimbia. Kitabu cha nyumba chasema tu kwamba mwezi wa Mei 1856 alitoka kwenda kwa jamaa yake kwenye shule ya Holywell. Hapo sisi twaamini kitabu kuliko hadithi.

Mwisho wa mwaka wa 1858 alipanda jahazi Liverpool kama mtoto wa kazi, akashuka New Orleans, Marekani, mwanzo wa mwaka wa 1859, akatoroka jahazini. Hapo ndipo John Rowlands anapopotea, na Henry Stanley anapoonekana. Mwenyewe alisimulia kwamba tajiri mmoja mfanya biashara wa pamba, Henry Hope Stanley, alimpenda, akamfanya mwana, akampa jina lake, wakasafiri pamoja, kisha tajiri akafa mwaka wa 1861. Huyo tajiri alikuwako kweli. Lakini vitabu vya Louisiana vyaonyesha kwamba aliishi mpaka mwaka wa 1878, wala hakuna hati ya kumfanya kijana kuwa mwana wake. Aliyempa kazi hasa alikuwa James Speake, mwenye duka la vyakula, aliyekufa mwaka wa 1859. Basi jina la Stanley lilichukuliwa, halikutolewa. Na lile la Morton alilitafuta miaka mingi, akijaribu Morley na Morelake na Moreland, hata akatulia.

Mwezi wa Novemba 1862, baada ya kupigana vita vya Marekani, na kufungwa, na kuugua, alirudi Wales, mgonjwa na mwenye nguo mbovu, akabisha mlango wa mama yake. Mama alimwambia asirudi tena katika hali ile. Mwaka wa 1866 alirudi akiwa amevaa vizuri, akaandika jina lake katika kitabu cha wageni cha ngome ya Denbigh: John Rowlands, wa mahali pale zamani, sasa afisa wa manowari za Marekani. Jina lilikuwa la kweli na cheo kilikuwa cha uongo. Vitabuni mwake mara nyingi mambo ni kinyume.

Alipotoka Kwihara na kufika Uingereza mwaka wa 1872 akiwa na barua za Livingstone, watu wa Wales walimtambua. Magazeti yakaandika, na kitabu kikapigwa chapa mwaka ule ule London kueleza kwamba yeye ni Rowlands wa Denbigh. Stanley akakana. Adui zake walikuwa wakisema kwamba hata safari ya Ujiji ni uongo; angewezaje kuungama kwamba alidanganya habari za kuzaliwa kwake? Ajabu ni kwamba huyo aliyejiita Mmarekani hakuwa raia wa Marekani kwa sheria mpaka mwaka wa 1885, nao Uingereza ukampokea tena kuwa raia mwaka wa 1892.

Twakumbuka hapa mtoto mtumwa aliyepewa na Mwarabu mmoja huko Unyanyembe, aliyeitwa Ndugu Mhali. Stanley hakulipenda jina lile, akambadili kuwa Kalulu. Kalulu alikwenda naye Ulaya na Marekani, akazama katika maporomoko ya mto Kongo mwaka wa 1877. Yeye hana kitabu cha ubatizo cha kufunguliwa wala babu wa kuendewa. Jina alilopewa na mtu asiye na jina lake mwenyewe ndilo lililobaki.

Mama yake Stanley alikufa mwaka wa 1886. Mwaka wa 1896 Stanley na mkewe Dorothy, wasio na mtoto, walipokea mtoto mchanga, wakamwita Denzil, naye akawa mwana wao kweli. Katika miaka yake ya mwisho alianza kuandika maisha yake, akakiri habari za nyumba ya maskini, lakini yule tajiri wa New Orleans hakumwacha. Mkewe alikitoa kitabu mwaka wa 1909, na kwa muda mrefu watu wengi walikiamini. Karatasi zake zikawekwa hatimaye Tervuren, Ubelgiji, na Mwingereza Tim Jeal, aliyezisoma, alieleza mengi ya haya katika kitabu chake cha mwaka wa 2007.

Stanley alikufa tarehe 10 Mei 1904. Alitaka kuzikwa karibu na Livingstone katika kanisa la Westminster, asikubaliwe, maana damu iliyomwagwa katika safari zake haikuwa imesahauliwa. Alizikwa Pirbright. Juu ya jiwe lake kubwa lisilochongwa sawasawa liko jina la Henry Morton Stanley, na lile alilopewa Kongo, Bula Matari, ndiye mvunja mawe, na miaka, 1841 mpaka 1904, na neno Afrika. Rowlands halimo, wala Parry, wala Denbigh.