Tom Mboya: Aliyejua kuwa watu ndio mtaji wa kwanza wa taifa

WAKENYA wengi humkumbuka Thomas Joseph Mboya kwa risasi zilizokatiza maisha yake jijini Nairobi mnamo Julai 5, 1969, akiwa na umri wa miaka 38. Ni wachache wanaoikumbuka imani iliyomwongoza: kwamba mtaji wa kwanza wa taifa changa ni watu wenye elimu na ujuzi.

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930, Kilimambogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge alikofanya kazi babake, mwenyeji wa kisiwa cha Rusinga. Alisoma katika shule za misheni za Kikatoliki hadi Mang'u, lakini ukosefu wa karo ukamkatiza masomo. Ndipo alipojiunga na mafunzo ya bwana afya, akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi.

Kazini alijionea jinsi Mwafrika alivyolipwa mshahara duni kuliko Mzungu aliyefanya kazi ile ile. Aliunda chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Mnamo 1955 alisuluhisha mgomo mkubwa wa makuli wa bandari ya Mombasa, kisha akaenda kusoma katika Chuo cha Ruskin, mjini Oxford, Uingereza. Mwaka 1957 alichaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria.

Kufikia wakati huo ilikuwa wazi kwamba uhuru ungekuja ilhali nchi haina wahandisi, wahasibu wala wasimamizi wa kutosha. Wakoloni walishikilia kuwa Makerere na chuo cha kiufundi cha Nairobi vilitosha, na walizidharau shahada za Marekani. Mboya hakuwasikiliza. Alizunguka Marekani akitafuta ufadhili, na Septemba 1959 ndege ya kwanza ikawapeleka huko wanafunzi 81. Nyumbani, jamaa na majirani walichanga walichokuwa nacho. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya John F. Kennedy uliahidi dola 100,000. Miongoni mwa waliosafiri mwaka huo wa 1960 alikuwa Wangari Maathai, aliyetunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Wengi waliorejea walishika nyadhifa serikalini, vyuoni na katika biashara.

Akiwa Waziri wa Leba mwaka 1962, Mboya aliwaleta pamoja serikali, waajiri na wafanyakazi wakakubaliana jinsi ya kutatua mizozo bila kulemaza uzalishaji.

Hata hivyo, hesabu zake hazikukosa dosari. Waraka Nambari 10 wa 1965, uliotolewa alipokuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, ulipendekeza fedha za maendeleo zielekezwe kwenye maeneo yenye rutuba, mvua na barabara, ambako zingezaa matunda haraka. Maeneo kame, hasa kaskazini, yaliachwa nyuma, na watoto wake wakakosa shule ambazo wenzao walizipata.

Hapo ndipo ulipo mzigo aliotuachia. Kijana aliyeacha shule kwa kukosa karo aliwafungulia mamia ya wengine mlango wa elimu. Lakini taifa linalochagua vichwa vya kuelimisha kwa kutazama rutuba ya ardhi hufukia sehemu ya mtaji wake lenyewe.