Mackay: Fundi aliyevuka ziwa kwa mashua iliyokatwa

Wakazi wa Natete, hapa Kampala, wanalijua jina la Mackay kutokana na barabara na shule. Wengi hawajui kwamba mtu huyo alikuwa pia baharia, na kwamba kila alichokifanya Buganda kilitegemea mashua.

Alexander Mackay alizaliwa Uskoti Oktoba 1849 na kusomea uhandisi. Mwaka 1876 alifika Zanzibar na wamisionari wa CMS waliokuwa wakielekea kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza. Aliugua njiani, akabaki nyuma. Alipopona alikata barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, na huko akakizoea Kiswahili.

Juni 1878 alifika Kagei, kusini mwa Ziwa Victoria. Wenzake wawili, Shergold Smith na O'Neill, walikuwa wameuawa Ukerewe Desemba 1877, katika ugomvi wa Mfalme Lukonge na mfanyabiashara Songoro. Mashua yao, Daisy, ilikuwa imelala ufukweni, mbao zimeoza na kuliwa na mchwa. Mackay alivuka kwanza hadi Ukerewe bila silaha, akapatana na Lukonge. Kisha akaitengeneza mashua.

Agosti alitweka tanga pamoja na mwenzake Wilson. Siku chache baadaye dhoruba iliwatupa ufukwe wa magharibi na Daisy ikavunjika. Mackay alikata futi 8 za katikati, akaunganisha tezi na omo, na kwa mbao za kipande alichokitoa akaziba palipobomoka. Kazi hiyo ilichukua wiki nane. Novemba walifika Buganda kwa mashua iliyofupishwa.

Mutesa alikifahamu Kiswahili, hivyo mazungumzo yao yalianza kwa lugha hiyo ya pwani. Natete, Mackay alifua chuma, aliranda mbao, aliwafundisha vijana kusoma na kuwachapia kurasa kwa mashine ndogo.

Lakini ziwa halikuwa njia huru. Barua, dawa na vifaa vyote vilitoka kusini, na hakuna aliyevuka bila idhini ya Kabaka. Mutesa alifariki 1884, na mwanawe Mwanga aliwashuku wageni. Januari 1885 Mackay na mwenzake Ashe walikuwa wakielekea ziwani, wakiwa wamepewa ruhusa, Mujasi, mkuu wa askari, alipowazuia njiani. Vijana waliofuatana nao walikamatwa. Tarehe 31 mwezi huo Kakumba, Lugalama na Serwanga waliuawa kwa moto huko Busega. Wanahesabiwa leo kuwa mashahidi wa kwanza wa Kanisa Uganda.

Julai 1887 Mwanga alimfukuza Mackay. Alifunga mlango wa nyumba yake, akavuka kwa mashua nyingine, Eleanor, hadi upande ambao leo ni Tanzania. Huko Usambiro aliendelea kuchapa na kuunda chombo kipya cha ziwani. Malaria ilimuua Februari 1890, akiwa na miaka 40. Tangu atoke Ulaya hakurudi tena kwao.

Leo Uganda, Tanzania na Kenya zinagawana ziwa hilo, na kibali cha kuvuka bado ni jambo la kujadiliwa mezani. Mwaka 1927 mifupa ya Mackay ilihamishwa kutoka Usambiro na kuzikwa upya Namirembe, kilima kinachotazamana na jiji letu.