As-Suli: Shaha wa Sataranji na Mhariri wa Diwani

Neno shaha limebeba mizigo kadhaa katika Kiswahili. Kwa mkwezi wa Kilifi ni kile kiini cheupe, laini, kilichomo kileleni mwa mnazi. Kwa malenga ni mkuu wao. Na kwa mcheza sataranji ni mfalme ambaye akishafungwa mchezo umekwisha. Maana hii ya mwisho ilitoka Uajemi ikapitia kwa Waarabu, na jina lenyewe la mchezo lilifuata njia iyo hiyo. Ni kweli kwamba katika mabaraza ya Malindi, Mambrui na Takaungu bao ndilo lililotawala tangu zamani, wala sataranji haikupata kulipiku. Hata hivyo, mtu ambaye Waarabu wa kale walimhesabu kuwa hodari kuliko wote katika sataranji hayuko mbali na pwani hii kama inavyodhaniwa. Habari zake nyingi zilihifadhiwa na al-Mas'udi, mwanahistoria wa Baghdad aliyesafiri na mabaharia wa Siraf na Oman hadi kisiwa cha Qanbalu, ambacho wataalamu wengi hukihusisha na Pemba, na ambaye aliondoka huko kwa mara ya mwisho mnamo mwaka 304 Hijria, yaani 916 au 917. Njia ya vyombo vya Oman kwenda Qanbalu hupita mbele ya ufuo wa Malindi na Kilifi.

Mtu huyo ni Abu Bakr Muhammad bin Yahya as-Suli. Alizaliwa katika nusu ya pili ya karne ya tisa, katika kizazi cha Sul, mtawala wa Jurjan mwenye asili ya Kituruki aliyesilimu. Wakati wa kuzaliwa kwake ukoo huo ulikuwa umekwisha kutoka katika utawala ukaingia katika uandishi. Miongoni mwa wazee wake alikuwamo Ibrahim bin al-Abbas as-Suli, mshairi na katibu mashuhuri. Kijana huyu naye alitafuta riziki yake kwa kalamu. Sataranji ndiyo iliyomfungulia mlango wa kasri.

Khalifa al-Muktafi, aliyetawala kuanzia 902 hadi 908, alikuwa na mchezaji wake kipenzi aitwaye al-Mawardi. As-Suli alipoletwa kushindana naye, Khalifa hakuficha upande wake: alikaa karibu na ubao, akawa anamhimiza al-Mawardi waziwazi. Mgeni alibabaika mwanzoni, na hapana ajabu, kwani kumshinda kipenzi cha mfalme mbele ya mfalme kuna hatari yake. Kisha akatulia, akaupanga mchezo wake hatua kwa hatua, na aliposhambulia mpinzani hakuwa na jibu. Al-Muktafi alibadilika papo hapo. Alimgeukia al-Mawardi na kumwambia kwamba marashi yake ya waridi yamegeuka mkojo. Kejeli hii imejengwa juu ya jina la mtu, kwa kuwa mawardi ni maji ya waridi. Msomaji wa pwani anayeyajua marashi ya harusini ataupata utani bila kuhitaji mfasiri. Ataona pia jinsi mapenzi ya wafalme yanavyokauka upesi, jambo ambalo as-Suli mwenyewe angelionja baadaye.

Ili kuuelewa ustadi wake, yafaa kukumbuka kwamba sataranji ya zama zile si hii ya leo. Kete inayosimama karibu na mfalme, ambayo siku hizi ndiyo yenye nguvu kupita zote, wakati huo iliitwa firzi, yaani waziri, na ilikwenda mshazari nyumba moja tu. Ndovu aliruka nyumba mbili mshazari, basi. Silaha nzito ilikuwa rukhu. Mchezaji angeweza kushinda kwa kumfunga shaha, kwa kumkwamisha asiwe na pa kwenda, au kwa kula kete zote za mwenziwe hadi shaha akabaki uchi, ushindi ambao mcheza bao angeufananisha na kumwacha mtu hamna. Kwa kuwa majeshi yalitembea polepole, wachezaji kwanza waliyapanga kwa mitindo maalumu yenye majina kama mbawa, upanga na mafuriko. Shambulio la ghafla lisilo na matayarisho halikufika mbali. Aliyeshambulia vizuri alikuwa yule aliyeona mapema mahali majeshi yatakapokutana, na hapo ndipo as-Suli alipowazidi wenzake.

Aliandika kitabu juu ya mchezo huo. Kabla yake walikuwako mabingwa wawili, al-Adli na ar-Razi, waliowahi kupambana mbele ya Khalifa al-Mutawakkil katikati ya karne ya tisa, na al-Adli, aliyeshindwa siku hiyo, alikuwa ameacha kitabu kilichoheshimiwa. As-Suli alikichambua bila huruma, akaonyesha makosa ya mafumbo yake.

Mkono huohuo wa uhakiki ndio aliouingiza katika fasihi, na pengine hapa ndipo wanafunzi wa ushairi wanapopaswa kumfahamu zaidi. Alikusanya na kuhariri diwani za washairi kama Abu Nuwas na Abu Tammam, akayapanga mashairi kwa kufuata herufi za vina, utaratibu unaomwezesha msomaji kulipata shairi upesi. Abu Tammam alikuwa akishutumiwa kwamba ameuharibu ushairi kwa mafumbo na tamathali za kigeni. As-Suli alimwandikia kitabu cha kumtetea, akidai kwamba wengi wa wanaomlaumu mshairi huyo hawamwelewi. Aliyefuatilia ugomvi uliozushwa na mashairi huru katika Kiswahili, hasa baada ya Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974, hatauona mjadala ule wa Baghdad kuwa mgeni.

Chini ya al-Muqtadir alipewa kazi ya kumfundisha mwana wa Khalifa, ambaye baadaye alitawala kwa jina la ar-Radi. Siku moja watumishi wa bibi yake mtoto waliingia darasani wakavichukua vitabu vyote ili vikaguliwe. Mwanamfalme alighadhibika, akawaeleza kwamba hivyo ni vitabu vya dini, lugha na historia, si visa vya maajabu ya bahari na Sindbad. Ar-Radi aliposhika ukhalifa mwaka 934 hakumsahau mwalimu wake. Al-Mas'udi anasimulia kwamba alipokuwa katika bustani yenye maua mengi, wenzake wakiisifia, Khalifa aliwaambia kuwa uchezaji wa as-Suli unapendeza kuliko maua hayo na kila wanachokisifu.

Lakini ukhalifa wenyewe ulikuwa ukipungukiwa na kete. Mwaka 936 ar-Radi alilazimika kuyakabidhi madaraka ya dola kwa amiri wa jeshi, na alipofariki mwaka 940 aliyemfuata hakutaka masahibu wa kukaa nao barazani. As-Suli, mzee sasa, aliyezungukwa na maktaba yenye majalada ya rangi mbalimbali ambayo watani wake waliikejeli kuwa ina elimu kuliko mwenyewe, akawa hana mlinzi. Inasemekana alisimulia habari fulani kuhusu Ali bin Abi Talib iliyowaudhi watu hata wakataka kumuua. Alikimbilia Basra, akajificha, na huko akafa mnamo 946 au mwaka uliofuata.

Jina lake halikufa. Ibn Khallikan, aliyeandika karne tatu baadaye, anasema watu walikuwa bado wakimsifu mchezaji hodari kwa kumfananisha na as-Suli, na wengine walifika hadi ya kudhani kuwa ndiye aliyeubuni mchezo. Mwanafunzi wake al-Lajlaj, jina lenye maana ya kigugumizi, aliandika uchambuzi wa jinsi ya kufungua mchezo.

Liko pia fumbo lake moja, ambalo wapenzi wa sataranji huliita almasi ya as-Suli. Kila upande una shaha na firzi tu, kete nne kwa jumla, na mweupe anatakiwa ashinde. As-Suli alijigamba kwamba hakuna duniani awezaye kulifumbua isipokuwa yule aliyemfundisha yeye mwenyewe. Fumbo hilo lilikaa zaidi ya miaka elfu moja, hadi bingwa wa Kirusi Yuri Averbakh alipolitatua katika miaka ya 1980.