Mama Frances Burney na Kisu cha Mwaka 1811

Mwezi huu nimeona vema tuyatazame maisha ya mama mmoja wa Kanisa la Uingereza ambaye watu wa zamani walimjua sana kwa vitabu vyake vya hadithi. Mimi nawaletea habari zake kwa ajili ya ugonjwa wake. Saratani imeingia katika nyumba zetu nyingi, na mara nyingi tunapofika kwa mgonjwa hatujui la kusema. Tunatoa pole, kisha tunatazama chini.

Frances Burney, ambaye jamaa zake walimwita Fanny, alizaliwa tarehe 13 Juni 1752 katika mji wa King's Lynn. Baba yake, Charles Burney, alikuwa mwalimu wa muziki. Walimu wenzangu watafurahi kusikia kwamba mtoto huyu alipofika umri wa miaka minane alikuwa bado hajui herufi, wala hakuna aliyemtegemea kuwa kitu. Alipokuwa na miaka kumi mama yake alifariki. Hata hivyo alijifundisha kusoma na kuandika, na mwaka 1778 kitabu chake cha kwanza, Evelina, kilitoka bila jina la mwandishi. Watu wa London walikisoma kwa shauku kubwa wakiulizana ni nani aliyekiandika.

Tangu mwaka 1786 hadi 1791 alitumika katika nyumba ya Malkia Charlotte, akitunza mavazi yake kwa mshahara wa pauni 200 kwa mwaka. Kazi ile ilimchosha hata afya yake ikadhoofika, akaomba ruhusa kuondoka. Mwaka 1793 aliolewa na Alexandre d'Arblay, jenerali Mfaransa aliyekimbia mapinduzi ya nchi yake. Wote wawili walikuwa maskini, lakini walipendana. Mwaka 1794 walipata mtoto wao wa pekee, Alexander.

Mwaka 1802 Frances alimfuata mumewe Ufaransa, akidhani atakaa muda mfupi. Mwaka uliofuata vita vilianza tena kati ya Ufaransa na Uingereza, na njia ya kurudi kwao ikafungwa kwa karibu miaka kumi. Hivyo ugonjwa ulimkuta ugenini, mbali na baba yake na ndugu zake.

Maumivu madogo katika titi la kulia yalianza mwezi wa Agosti 1810. Mumewe alipogundua alimsihi amwone daktari. Frances hakutaka hata kulisikia jambo hilo, akatumaini kwamba kwa kujitunza yatapita. Miezi ikapita, na uvimbe ukazidi. Mwishowe alikubali kuonwa na Baron Larrey, daktari wa upasuaji wa majeshi ya Napoleon, pamoja na Dubois aliyemhudumia mke wa mfalme huyo. Larrey alijaribu dawa kwanza. Ziliposhindwa, madaktari walikata shauri kwamba titi lazima liondolewe.

Ndugu msomaji, kumbuka kwamba nusu kaputi haikuwako. Etha ilionyeshwa mbele ya madaktari kule Boston katika mwezi wa Oktoba 1846, miaka 35 baadaye. Wala hakuna aliyejua habari za vijidudu, kwa hiyo hata aliyepona kisu aliweza kufa kwa kidonda. Mgonjwa alipasuliwa akiwa macho, akisikia kila kitu.

Madaktari hawakumwambia siku mapema, wasije wakamwongezea siku za hofu. Barua ya Larrey ilimfikia asubuhi ya tarehe 30 Septemba 1811. Aliificha ili mumewe asiione, akafanya mpango aitwe ofisini kwake kwa kazi ya haraka, maana hakutaka aone mateso yale. Mtoto alikuwa shuleni. Kisha ikaja habari kwamba madaktari watachelewa mpaka saa tisa. Basi akabaki peke yake, akitembea huku na huku chumbani. Alipoona bandeji, sponji na pamba zilizowekwa tayari alijisikia vibaya kidogo. Akaandika maneno machache kwa mumewe na mwanawe, endapo angekufa.

Wanaume saba waliovaa nguo nyeusi waliingia. Kitanda kiliwekwa katikati ya chumba, akalazwa, na leso ikatandazwa usoni pake. Leso ile ilikuwa nyepesi, akaona kupitia kwayo jinsi kisu kinavyong'aa. Wanawake waliokuwapo walijawa na hofu, na mwingine akakimbia. Larrey alipouliza nani atalishika titi, Frances alijibu kwamba atalishika mwenyewe. Hata hivyo Dubois alionyesha kwa kidole sehemu ya kukata, naye akatambua kwamba halitaachwa hata kidogo. Ndipo akafumba macho, akaacha kubisha na kuwatazama, akajitoa kabisa.

Kazi ilichukua kama dakika ishirini. Kisu kilipoanza alipiga kelele, na hakunyamaza muda wote wa kukatwa. Alizimia mara mbili. Lakini alipopata nguvu ya kusema aliwaambia madaktari kwamba anawahurumia, maana aliona wao nao wanavyoumia kwa kazi waliyolazimika kuifanya. Alipokuwa akichukuliwa kitandani alifumbua macho akamwona Larrey, uso umempauka na una matone ya damu. Mtu huyo aliyezoea vita alikuwa karibu kuanguka kwa huzuni.

Mumewe aliporudi alikuta kazi imekwisha. Frances alichukua miezi mingi kumwandikia dada yake Esther habari hizo, kwa kuwa kila alipokumbuka kichwa kiliuma. Aliandika kwa kusudi: dada zake na wapwa zake wakiona dalili kama zile, wajue. Na katika barua hiyo alimsifu Larrey kwa shukrani nyingi, kwa ustadi wake na wema wake.

Mwaka 1812 alirudi Uingereza, akamwona baba yake kabla hajafa mwaka 1814. Mwaka 1818 mumewe alifariki kwa saratani, naye alimwuguza mpaka mwisho. Mwana wao alikuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza, lakini alimtangulia mama yake kaburini mwaka 1837. Mwaka 1832, akiwa na miaka 80, Frances alitoa kitabu cha maisha ya baba yake. Alifariki tarehe 6 Januari 1840 akiwa na miaka 87, akazikwa Walcot, katika mji wa Bath. Waganga wa siku zetu hawakubaliani kama uvimbe ule ulikuwa saratani kweli. Lakini alipewa miaka 28 baada ya kisu, na hakuipoteza.

Tujifunze nini? Kwanza, kulia si kukosa imani. Mama huyu alijitoa, na bado alilia. Zaburi zimejaa vilio, na hakuna aliyezifuta katika Kitabu cha Sala. Tusimkemee mgonjwa anayeogopa kana kwamba ametenda dhambi.

Pili, shukrani haingoji kila kitu kirudi. Titi lake halikurudi, na baadaye alizika mume na mtoto. Alishukuru kwa mikono iliyomtibu na kwa siku alizoongezewa.

Tatu, na hili nawaambia hasa akina mama: usifiche uvimbe. Kuna wanaoona haya, na wengine wanaogopa kwamba mume atasema neno. Frances alingoja, naye akatumia kalamu yake ili wengine wasingoje. Leo kuna nusu kaputi, kuna dawa, na uvimbe ukigunduliwa mapema tumaini ni kubwa zaidi. Nanyi akina baba, mwige yule jenerali aliyemsihi mkewe aende kwa daktari; nauli ya hospitali ni sehemu ya ile ahadi mliyoitoa mbele ya altare.

Jumapili tunapotoa sala ya shukrani, tuwataje na wale waliolala katika wodi za upasuaji, na madaktari na wauguzi wanaowashika mikono. Mungu awabariki nyote.