Zerah Colburn: Mtoi wa miaka 8 aliyevunja namba ya tarakimu 10 kichwani, buda yake akamgeuza biashara

Kila base Silanga iko na yule mtoi mkali wa hesabu. Wewe bado unatafuta kalkuleta kwa simu, yeye ashakuambia chenji ya watu watano kwa makanga. Wasee wanacheka, wanamnunulia mandazi, story inaisha. Zerah Colburn alikuwa mtoi wa aina hiyo, ila buda yake hakutaka story iishe.

Alizaliwa 1804 huko Cabot, ocha kabisa ya Vermont, Marekani, akiwa na vidole sita kila mkono. Buda, Abia Colburn, alikuwa mkulima wa kusota anayeshika pia kazi ya useremala. Siku moja 1810, Zerah hajafikisha hata miaka sita, alikuwa chini anachezea maranda, akaanza kujisemea hesabu za kuzidisha. Shule alikuwa amekanyaga wiki chache tu. Abia akamjaribu: 13 mara 97? Akapewa 1261.

Haikuchukua muda, wawili hao wakawa barabarani, watu wanalipa kuona maajabu. Boston, wasee wenye doh walijitolea kumsomesha. Abia akaangalia masharti, akakataa. Mi naona hapo ndipo maisha ya huyu dogo yalipinda.

1812 wakavuka hadi London, na huko ndiko alitupiwa 4294967297.

Chukua 2, izidishe yenyewe hadi ziwe 2 thelathini na mbili, kisha ongeza 1. Ndio hiyo. Mfaransa Pierre de Fermat, karne ya 17, aliamini ni namba tasa, yaani haigawanyiki na kitu ila 1 na yenyewe. Hata wewe ungeamini, juu zile za familia yake zilizotangulia, 3, 5, 17, 257 na 65537, zote ni tasa kweli. (Hiyo 65537 inatumika sana mpaka leo kwa zile tovuti ziko na kale ka kufuli.) Fermat alikuwa amechoma. 1732, Leonhard Euler akaivunja: 641 mara 6700417. Toa simu uhakikishe.

Ujanja uko hivi: tasa yoyote inayoigawanya lazima iwe 64 mara kitu fulani, ongeza 1. So unajaribu 193, inakataa. 257, 449, 577, zote zinakataa. Ya tano ni 641, na inaingia bila baki.

Zerah hakuwa amefunzwa hayo yote. Alipiga kichwani, akatoa 641 na mwenzake. Mwanzoni hakuweza hata kueleza anafanyaje. Baadaye ndio akafunguka: alikuwa anaangalia tarakimu mbili za mwisho. Namba ikiishia 97, anajiuliza ni miisho gani miwili ikizidishwa inaleta 97. 41 na 17 zinaleta 697, na ukicheki, 641 inaishia 41 na 6700417 inaishia 17. Kisha anajaribu moja moja, mbio kuliko mtu yeyote kwa hiyo chumba.

Lakini ganji haikuja vile Abia aliota. Walienda Paris, akaingia shule, akatolewa. Wakarudi London, mwenyeji mmoja tajiri, Earl wa Bristol, akamlipia Westminster. 1819 akatolewa tena, buda akaanza kumsukuma awe mwigizaji wa jukwaani. Hiyo nayo haikuomoka. Na ile nguvu ya kupiga hesabu ilikuwa inayeyuka pole pole, bila mtu kuipa kazi ya maana.

Abia alikufia London 1824, bado hana kitu. Zerah akarudi Vermont kwa mathe, ambaye alikuwa ameachwa huko na watoto wengine miaka yote hiyo. Akawa mhubiri wa Methodist. 1833 akaandika kitabu cha maisha yake, miaka miwili baadaye akapata kazi Chuo cha Norwich, na hapo ndipo alikuwa hadi Machi 1839 alipofariki na miaka 34. Alikuwa anafunza lugha.