Tumemsahau Sheikh Al-Amin wa Mombasa

Ndugu msomaji, hivi karibuni baada ya swala ya Isha, kijana mmoja aliniuliza ni akina nani waliotutangulia kuandika magazeti ya Waislamu kwa Kiswahili. Nikamtajia Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Hakuwahi kulisikia jina hilo. Nilisikitika, kwani kijana huyu hununua gazeti kila Ijumaa.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo wa Mazrui walioutawala mji huo hadi Seyyid Said alipowang'oa mwaka 1837. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo, akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Baadaye alichukua elimu kwa masheikh wakubwa wa Unguja, Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir.

Angeweza kutosheka na darsa zake. Lakini aliwaona Waislamu wa pwani, chini ya Waingereza, wameachwa nyuma kielimu huku mali zao zikiteketea katika harusi na matanga. Mwaka 1930 akatoa Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Humo alihimiza elimu ya dini pamoja na ya dunia, akataka watoto wa kike nao wasomeshwe, akakemea bid'a, na akawaonya wanaoiga mavazi ya Wazungu huku ujuzi wao wakiuacha.

Magazeti hayo hayakudumu. Hata hivyo, makala za Sahifa zilikusanywa zikatoka kitabu, Uwongozi, mwaka 1944. Yeye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1937 hadi alipofariki mwaka 1947, akimwacha mwanawe Ali, aliyekuja kuwa Profesa Ali Mazrui, akiwa na miaka 14.

Nakiri kuwa mimi pia ni miongoni mwa waliomsahau. Mwaka jana nilitoa mchango mnono wa harusi. Mwezi ule ule ustadhi wa madrasa ya mtaani kwetu aliniomba fedha za chaki, nikamwambia hali ni ngumu. Niliporejea Uwongozi niliona aibu, kana kwamba Sheikh alikuwa akiniandikia mimi.

Nilimpa kijana yule nakala yangu, na chaki nimezipeleka. Wewe je, msomaji?

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Al-Amin. Amin.